Inalipwa kwa siku, si kwa presha

Chukua wagonjwa wawili wa presha, wote wako Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee wa miaka 65 na zaidi. Kila mmoja amepewa mashine ya kupimia nyumbani, ile yenye laini ya simu ndani yake, ukishapima tu namba zinakwenda zenyewe hadi kliniki. Ndani ya siku 30, wa kwanza amepima siku 16. Presha yake ni 128 kwa 78, kama mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Hana neno. Wa pili amepima siku 15, kisha presha ikapaa, akakimbizwa hospitali na kulazwa hadi mwezi ukaisha. Kwa kanuni zilizotumika hadi mwisho wa 2025, kliniki ya yule mzima ililipwa takriban dola 43 za kifaa. Kliniki ya yule aliyelazwa haikuruhusiwa kudai hata senti moja kwa kifaa hicho hicho.

Hakuna aliyeiba hapo, wala aliyekosea. Kanuni ndiyo iliyotamka hivyo, na wengi walioifuata wameifuata kwa uaminifu. Ubishi wangu ni kwamba malipo ya kumfuatilia mgonjwa akiwa nyumbani yalijengwa juu ya vitu viwili vinavyohesabika kwa urahisi, siku na dakika, na kwamba kitu chenye thamani, yaani mtu kuiona namba mbaya na kuchukua hatua, hakikupata mahali pake kwenye fomu. Ukilipa kwa siku, utaletewa siku.

Historia yake ni fupi. CMS, idara inayoendesha Medicare, ilianza 2018 kuitenga na kuilipia kama huduma inayojitegemea kazi ya daktari kusoma takwimu za mgonjwa aliye mbali. Mwaka 2019 ikaongeza misimbo mitatu, yaani namba za kudaia malipo, ambayo leo kila karani wa bili za aina hii anaijua kwa moyo. 99453 ni kumwandaa mgonjwa na kumfundisha kutumia kifaa. 99454 ni kifaa chenyewe pamoja na takwimu zake, kwa kila siku 30. 99457 ni dakika 20 za kwanza ndani ya mwezi wa kalenda ambazo daktari au wafanyakazi wake wanashughulikia matibabu kutokana na takwimu hizo, na sharti sehemu ya dakika hizo iwe mazungumzo ya ana kwa ana au ya simu, si ujumbe mfupi. Mwaka 2020 ikaja 99458 kwa kila dakika 20 zinazoongezeka, na pamoja nayo ruhusa iliyobadilisha biashara nzima: dakika hizo zingeweza kufanywa na wafanyakazi walio chini ya usimamizi wa jumla wa daktari, bila yeye kuwa nao jengo moja. Kwa viwango vya 2025, dakika 20 za kwanza zilikuwa na thamani ya dola 48 hivi.

Kifaa nacho kina masharti. Lazima kiwe kifaa cha tiba kama sheria ya chakula na dawa ya Marekani inavyokitafsiri, na takwimu zisafiri zenyewe. Mgonjwa akipiga simu na kusema, "Leo nimepata 150," hiyo si takwimu kwa ajili ya bili, hata kama ndiyo taarifa muhimu kuliko zote za mwezi ule. Halafu, hadi mwisho wa 2025, kulikuwa na siku 16. Siku 16 kati ya 30 ni nusu na chembe, na sijui ugonjwa wowote unaojali nusu na chembe. Mwenye kisukari anayebadilishiwa dawa anahitaji kufuatiliwa kila siku kwa wiki moja, pengine mbili. Mwenye presha iliyotulia anaweza kupima mara mbili kwa wiki na daktari akalala usingizi. Wakati wa korona CMS ilikubali siku mbili tu kwa mgonjwa aliyeshukiwa au kuthibitika kuwa na ugonjwa huo, na ruhusa ile ikafa pamoja na hali ya dharura tarehe 11 Mei 2023. Kwa hiyo walijua tangu zamani kwamba 16 haikushuka na Musa kutoka mlimani.

Niliwahi kufanya kazi ya mkataba na kliniki moja, nikiangalia madai kabla hayajatumwa. Kila ilipofika siku ya 24 au 25 ya mzunguko, jedwali lilijaa rangi ya njano: mgonjwa mwenye siku 12, mwenye 13, mwenye 14. Manesi walikuwa wakigawana majina na kupiga simu, na simu ile ilikuwa na lengo moja tu. Hawakuuliza miguu imevimba au la, wala kama dawa mpya inaleta kizunguzungu. Waliuliza, umepima leo? Tafadhali pima na kesho. Nilimwona nesi mwenye uzoefu wa miaka mingi wodini akitumia asubuhi nzima kuomba vipimo kama mtu anayeuza tiketi za bahati nasibu. Alikuwa anaifanya kazi yake vizuri. Ndivyo ilivyokuwa imeandikwa.

Utafiti umesema wazi mahali nguvu inapotoka. Mwaka 2010 jaribio kubwa la Marekani lililoitwa Tele-HF, lenye wagonjwa 1,653 ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu sawasawa, liliwataka wapige simu kila siku kwa mashine iliyorekodiwa, wajibu maswali na kutaja uzito wao. Kulazwa tena na kufa hakukutofautiana na waliopata huduma ya kawaida. BEAT-HF la California, lenye wagonjwa 1,437, matokeo yake yakatoka 2016, nalo halikupunguza kulazwa tena ndani ya siku 180. Kisha 2018 Wajerumani wakatoa TIM-HF2, wagonjwa 1,571, na vifo vikapungua: 7.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka dhidi ya 11.3 kwa waliopata huduma ya kawaida. Vipimo havikuwa vya ajabu. Uzito, presha, mapigo ya moyo. Waliochaguliwa, kama wale wa majaribio mawili ya kwanza, walikuwa wamelazwa kwa tatizo hilo la moyo ndani ya mwaka mmoja uliotangulia, yaani wagonjwa kweli kweli. Tofauti ni kwamba nyuma ya vipimo kulikuwa na kituo cha hospitali ya Charité, Berlin, chenye madaktari na manesi saa 24, wenye uwezo wa kubadilisha dawa na kumwita mgonjwa usiku ule ule.

Sasa rudi kwenye bili. Msimbo wa kifaa unalipa karibu sawa na msimbo wa dakika za binadamu, ila kifaa hakihitaji mshahara, hakiendi likizo na hakilali. Mfanyabiashara yeyote atakuambia aweke nguvu wapi. Tena kwa hesabu ya siku 16, mgonjwa mwenye faida alikuwa yule aliyetulia, mtiifu, anayependa mashine yake, asiyelazwa. Mgonjwa wa Berlin, yule wa kuingia na kutoka wodini, alikuwa hasara.

Soko limefanya linavyofanya soko. Ofisi ya Inspekta Mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitoa ripoti Septemba 2024 ikionyesha kwamba wazee wanaofuatiliwa hivi kupitia Medicare waliongezeka kutoka takriban 55,000 mwaka 2019 hadi 570,000 mwaka 2022, na malipo kutoka dola milioni 15 hadi milioni 311. Kufikia 2024 malipo yalikuwa yamevuka milioni 500. Mimi ukuaji peke yake haunitishi. Presha ni muuaji, na wazee wengi wa Marekani wanaoishi mbali na daktari wamesaidiwa na mashine hizi. Kinachonitisha ni takwimu nyingine ya ripoti ile ile: asilimia 43 hivi ya waliofuatiliwa hawakupata sehemu zote tatu za huduma, yaani mafunzo, kifaa na usimamizi wa matibabu. Wapo waliolipiwa dakika za kujadili takwimu bila Medicare kuona kifaa kilichozitoa. Wapo waliolipiwa kifaa bila dalili kwamba kuna mtu aliyekaa kujadili kilichotoka humo. Baadhi watakuwa na maelezo yanayoeleweka. Mgonjwa anaweza kuacha katikati, au kifaa kikawa chake tangu zamani. Lakini asilimia 43 si mgonjwa mmoja mmoja.

Karibu mwaka mmoja kabla ya ripoti, Novemba 2023, ofisi hiyo hiyo ilikuwa imewatahadharisha wazee kuhusu kampuni zinazowapigia simu au kuwanasa kwa matangazo ya mtandaoni, zikiwaandikisha kwenye ufuatiliaji ambao hakuna daktari aliyeuona kuwa wa lazima, kisha Medicare inatozwa kila mwezi hata kama kifaa hakikufika. Kwetu tungesema mgonjwa hewa, au nusu hewa: yupo, ana jina na namba ya kadi, ila huduma ndiyo hewa. Wakenya walioshuhudia 2025 vituo vya afya vikisimamishwa kwa tuhuma za madai ya uongo kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, hawahitaji kuelezwa mchezo huu unavyochezwa. Tofauti ni kwamba madai hewa ya wodi yanahitaji kitanda, na mkaguzi anaweza kwenda kuhesabu vitanda. Madai ya mgonjwa aliye nyumbani yanahitaji tu kisanduku kilichotumwa kwa posta.

Na hapa daktari mwaminifu ndipo anapoweza kuchomwa bila kujua. Kliniki ndogo haina muda wa kununua mashine, kuzituma, kuajiri manesi wa simu na kutunza programu ya kuhesabu dakika. Inakuja kampuni yenye vyote. Daktari atoe orodha ya wagonjwa na namba yake ya utambulisho; kampuni itafanya kazi, dai litakwenda kwa jina la daktari, fedha zitagawanywa. Kwa wagonjwa 500, kwa viwango vya 2025, dola 91 kwa mwezi za kifaa na dakika 20 ni zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, na daktari hajaongeza hata kiti kwenye chumba cha kusubiria. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari hajawahi kuonana na nesi anayezungumza na wagonjwa wake, haoni zile dakika 20 zilivyopatikana, wala hajui kama ridhaa ya mgonjwa iliombwa au iliwekwa alama tu kwenye skrini. Mkaguzi akija atamtafuta mwenye namba.

Sheria atakayomjia nayo ni ya mwaka 1863, iliyotungwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kuwabana wakandarasi waliokuwa wakilipunja jeshi la Lincoln. Leo inamtoza mdai wa uongo mara tatu ya hasara, pamoja na faini kwa kila dai. Kila dai. Ufuatiliaji wa mbali ni madai mawili au matatu kwa kila mgonjwa kwa kila mwezi, kwa hiyo hata kosa dogo linazaliana haraka. Tena sheria inampa mfanyakazi anayefichua sehemu ya fedha zinazorudishwa, kuanzia asilimia 15 hadi 30. Yule nesi wa jedwali la njano, kama angeamriwa kuandika dakika 20 pale alipozungumza dakika nne, angekuwa shahidi mwenye sababu nzuri ya kusema. Na si lazima uwe umedhamiria kuiba. Kupuuza makusudi kujua ukweli kunatosha. Ukigundua umelipwa zaidi, Medicare inakutaka urudishe ndani ya siku 60.

Kwa hiyo faili zuri linafanana na nini? Linaanza na agizo la daktari lenye sababu: mgonjwa huyu, ugonjwa huu, tunatafuta nini, tutafanya nini tukikipata. Ridhaa ina tarehe. Kifaa kinajulikana ni kipi na kilifika lini. Dakika zina jina la mtu, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na muhtasari wa mazungumzo ambao hauwezi kunakiliwa kwenye faili la mgonjwa mwingine bila kuonekana kichekesho. Hilo la mwisho ndilo kipimo changu binafsi. Ukikuta "mgonjwa anaendelea vizuri, amehimizwa kupima" kwenye mafaili 200, hata kama kila dakika ni ya kweli, umekuta kliniki inayofuatilia mashine.

Mgonjwa naye analipa, jambo ambalo matangazo hulipitia mbio. Medicare kwa kawaida hubeba asilimia 80. Asilimia 20 ni ya mgonjwa asipokuwa na bima ya nyongeza. Shangazi yangu anayeishi Minnesota alinipigia Jumapili moja. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Hebu nisomee karatasi hii, wananidai dola 18 za nini?" Asilimia 20 ya dola 91, shangazi, za ile mashine nyeupe uliyoifunika kitambaa juu ya friji. Alinyamaza kidogo. "Lakini walisema ni ya bure." Waliosema hivyo walikuwa kwenye hatari kubwa kuliko walivyodhani, maana kumsamehe mgonjwa sehemu yake kila mara, bila kuangalia kama kweli hana uwezo, kunaweza kuhesabiwa kuwa kishawishi kinachokatazwa na sheria. Wakati wa korona serikali ilifumba macho kwa misamaha ya namna hiyo. Macho yalifumbuka zamani.

Kuna jambo moja linalowahusu vijana wa Nairobi moja kwa moja, na silioni likizungumzwa. Kazi za usiku za kusaidia ofisi za madaktari wa Marekani, kwa simu na kompyuta, zimekuwa riziki ya wengi, na Kiingereza chao ni kizuri na saa zao zinapangika. Lakini sheria ya Medicare hailipii huduma inayotolewa nje ya Marekani. Usimamizi wa jumla unamruhusu nesi kuwa mbali na daktari. Haumruhusu kuwa ng'ambo ya bahari. Kupanga miadi, kufuatilia vifaa vilivyopotea posta, kusafisha jedwali, hayo ni mambo mengine. Dakika zinazoandikwa chini ya 99457 zikifanywa kutoka Kilimani au Westlands ni tatizo, na msimamizi anayesema "andika tu jina la Susan wa Ohio" anakuingiza kwenye kesi ya watu wengine. Muulize swali hilo kabla ya kusaini mkataba.

Tangu Januari 2026 kanuni imebadilika. Umeongezwa msimbo 99445 wa kifaa kwa mgonjwa aliyepima kati ya siku 2 na 15, na 99470 kwa dakika 10 za kwanza pale ambapo hazikufika 20. Malipo ya kifaa kwa siku mbili yamewekwa sawa na ya siku 16, kwa hoja kwamba mashine ina gharama ile ile ikitumika sana au kidogo. Yule mgonjwa wetu wa pili, wa siku 15 kisha wodi, sasa kliniki yake italipwa. Kitabibu ni sahihi kabisa, na manesi wa simu za siku ya 25 wamepumzishwa. Nilifurahi niliposoma.

Furaha ilikaa hadi nilipoanza kufikiri kama tapeli. Siku 16, kwa upuuzi wake wote, zilikuwa kigingi. Ilikuwa kazi kumfanya mzee asiyeihitaji mashine apime mara 16 kila mwezi. Wengi walichoka, kifaa kikaishia juu ya friji, na dai likafa lenyewe. Mara mbili ni rahisi. Mzee atapima siku kisanduku kinapofika kwa udadisi, na tena wajukuu wakija kumtembelea. Kigingi kimeng'olewa, na sioni kilichosimikwa mahali pake. Inspekta Mkuu alikuwa amependekeza 2024 kwamba ufuatiliaji uwe lazima umeagizwa na daktari na jina la aliyeagiza lionekane kwenye dai, na Medicare itafute njia ya kujua takwimu gani hasa zinakusanywa. Kama hilo la kwanza lingetangulia, hata kwa mwaka mmoja, ningeunga mkono siku mbili bila kusita. Kulegeza kwanza na kudai jina baadaye ni kufungua geti halafu kumtafuta askari wa zamu.

Jina kwenye dai halitamzuia mwizi aliyekubuhu, ila litamfanya daktari asome anachokiidhinisha, na litamwezesha mkaguzi kuona kwamba mtu mmoja ameagiza mashine 4,000 kwa wagonjwa wa majimbo ambayo hajawahi kuyakanyaga. Chukua dai la leo ulisome. Lina tarehe, lina msimbo, lina ugonjwa, lina namba ya anayelipwa. Shangazi alipima mara tatu mwezi uliopita, mara ya mwisho akapata 171 kwa 96. Namba hiyo haimo.